Mstari wa Nne

Fomu ya bima ya afya niliyoijaza mwaka 2017 ilikuwa na nafasi nne za wategemezi, mbali na nafasi yangu na ya mume wangu. Niliandika majina ya wanangu watatu, wa mwisho akiwa mgongoni kwangu, hajatimiza hata miezi mitatu. Mstari wa nne niliuacha mtupu. Karani alipouliza, nilimjibu kwamba nitarudi kuujaza wiki ijayo. Nilirudi baada ya miaka miwili.

Wa kumwandika hakukosekana. Walikuwepo wawili, na hapo ndipo penye kisa chote. Mama yangu mzazi alikuwa Muheza, mjane wa miaka mingi, analima mihogo na michungwa michache aliyoachiwa na baba. Mama mkwe alikuwa kijijini huko Kilosa, naye mjane, anaishi na wifi yangu na wajukuu. Wote wawili walikuwa wamevuka miaka 65. Wote wawili walinilea, mmoja kwa kunizaa na mwingine kwa kunipokea nilipokuwa sijui hata kusonga ugali wa watu wengi. Mstari ulikuwa mmoja.

Mimi ni mwalimu wa sekondari mjini Morogoro. Mtumishi wa umma hukatwa asilimia 3 ya mshahara wake, mwajiri huongeza asilimia 3 nyingine, na hizo 6 huenda kwenye Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi 2001. Kwa makato hayo hutibiwa mwanachama, mwenza wake, na wategemezi wasiozidi wanne, wakiwa watoto au wazazi wa upande wowote. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea, hana mwajiri wa kumkata wala wa kumwongezea. Ndugu zangu wawili nao hawajaajiriwa: kaka yangu ni dereva wa malori ya watu, mdogo wangu ana genge la mboga Tanga mjini. Katika koo mbili nzima, kadi iliyoweza kumbeba mzee ilikuwa hiyo moja, yangu.

Kumwandika mama yangu bila kusema neno kungekuwa kama kumwambia mume wangu kwamba mama yake ni wa pili. Kumwandika mama mkwe kungeniondolea usingizi. Kumuuliza mume wangu nako kulikuwa na uzito wake, maana swali lenyewe lingemlazimisha kuchagua mbele yangu. Muhali ukatushika. Tulizungumza ada za shule, bati za jiko, harusi za watu, na kila mwezi hati ya mshahara ilionyesha makato yaleyale, tungekuwa watano kwenye kadi au sita. Nafasi iliyolipiwa ilikaa bure kwa miezi zaidi ya ishirini kwa sababu watu wawili wanaopendana waliogopa kutajiana majina ya mama zao.

Nilijipa moyo kwa jambo moja. Serikali imeelekeza wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo watibiwe bure, na mama alikuwa na kitambulisho chake cha matibabu, kimepigwa mhuri, amekihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya chama. Kila nilipompigia simu alisema anaenda kliniki ya presha kama kawaida, anapita dirisha la wazee, anaonwa upesi. Nami nikasema moyoni: basi mama ana kinga, hakuna haraka.

Likizo ya Juni 2019 nilikwenda Muheza peke yangu. Basi la Morogoro hupita Chalinze, likashika njia ya Segera, na jioni nilikuwa jikoni kwa mama namsaidia kukuna nazi. Aliniagiza nimletee chumvi. Niliposhusha kopo la maziwa ya unga kutoka darini, nikijua ndilo la chumvi, nilikuta wembe mpya kwenye karatasi yake, na vidonge vyeupe vimekatwa katikati, vimepangwa nusu nusu kwenye kitambaa kana kwamba ni shanga za kutunga.

Sikumuuliza palepale. Tulikula, tukaosha vyombo, ndipo nikaliweka kopo kati yetu. Alilitazama kidogo, hakubabaika.

"Mwanangu, mimi sipunguzi dawa," alisema. "Naongeza siku."

Kumuona daktari kulikuwa bure, na hilo halikuwa uongo. Lakini dawa ilipokosekana zahanati, aliandikiwa kikaratasi akanunue nje. Vidonge vya mwezi mmoja vikawa vya miezi miwili. Na kwa kuwa alimeza nusu, presha haikushuka. Kwa kuwa haikushuka, tabibu, ambaye hakuujua ule wembe, alimwongezea nguvu ya dawa, ikawa ghali zaidi, naye akazidi kuikata. Daftari lake la kliniki lilionyesha mgonjwa ambaye dawa zimemshinda. Nyumbani palikuwa na mgonjwa aliyeshindwa na bei.

Usiku ule sikulala. Nilijihesabia miezi. Kadi yangu ingemwezesha kuchukua dawa kwenye duka lenye mkataba na Mfuko pale zahanati inapoishiwa. Kilichomzuia ni mstari mmoja wa fomu na haya yangu.

Niliporudi Morogoro nilimweleza mume wangu yote, na kopo, na wembe. Alikaa kimya kirefu. Kisha akasema, "Hata mimi nimekuwa nikiuona ule mstari. Nakala ya fomu ipo kwenye faili la vyeti. Kila nikitafuta cheti naukuta." Kumbe tulikuwa tunapishana nao wote wawili, kila mmoja akimhurumia mwenzake kwa kunyamaza.

Aliyetutoa pale tulipokwama alikuwa yeye. Alisema hatuwezi kuwagawia wazee kadi kama watu wanaogawa urithi, wenyewe wakiwa hai na wana akili zao. Twende tukawaulize. Jambo dogo hivyo halikuwahi kunijia. Nilikuwa nimefikiria sana nani anastahili, na sikuwahi kufikiria kuuliza nani anahitaji nini.

Mama yangu nilimpigia simu. Jibu lake lilikuwa lile nililolitarajia: "Mwandike mkwe wako, mimi nina kitambulisho changu." Mwaka mmoja kabla ningelipokea jibu hilo kwa shukrani, nikaona mama amenifungulia njia. Sasa nilikwishaona ndani ya kopo. Mzee wa kwetu akiulizwa kama anahitaji kitu, hujibu swali jingine kabisa, la kama angependa kuwa mzigo. Nikaacha kumuuliza anahitaji nini, nikamuuliza anafanya nini. Mwezi huu ulikwenda kliniki mara ngapi? Ulipewa vidonge vingapi, ukanunua vingapi, kwa shilingi ngapi? Dawa ikiisha Jumapili unafanyaje? Ukitakiwa kwenda Tanga mjini, nani anakusindikiza, na usiku mnalala kwa nani? Majibu ya maswali hayo hayakuwa na adabu ya kuficha. Yalitoka kama yalivyo.

Kilosa tulikwenda wenyewe, na kwa mama mkwe tulikaa siku mbili. Yeye hakuwa na dawa ya kila siku. Alikuwa na magoti, malaria za msimu, na ukoo mzima wa wajukuu wenye vifua. Mume wangu alipomaliza kueleza habari ya kadi, aliuliza, "Hiyo kadi nikiwa nayo, huyu mdogo akiwaka homa usiku, nitamwonyesha mganga?" Tukamwambia hapana, ni ya mtu mmoja. "Basi ya mtu mmoja nitaifanyia nini, na mimi nina watu watano nyuma yangu?"

Jibu lilikuwa limekaa hapohapo kijijini. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa uliandikisha kaya kwa shilingi 30,000 kwa mwaka, watu wasiozidi sita. Mama mkwe, wifi, na watoto wanne: sita kamili. Afisa mwandikishaji alikuja na simu yake, akawapiga picha mmoja mmoja wamesimama mbele ya ukuta wa udongo, na mama mkwe akabadilisha khanga kwanza. Kabla ya kutoa pesa aliuliza tena: "Na hii inafika wapi?" Tukamjibu kwamba mradi awe na barua ya rufaa, inafika mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa, Morogoro. Akatikisa kichwa kuridhika. Kutoka kwake, Morogoro ni mbali. Sisi wenyewe tuliona ni mbali.

Hivyo mstari wa nne ukawa wa mama yangu. Nilidhani kazi imekwisha, kumbe karatasi ndizo zilikuwa zinaanza. Kumthibitisha mzazi, nilitakiwa kupeleka cheti changu cha kuzaliwa chenye jina lake. Cheti changu kilimwita kwa jina lake la usichanani na la babu. Kitambulisho chake cha taifa kilikuwa na jina jingine, lile alilolishika baada ya kuolewa na kuhamia kwa baba. Kwa macho ya karatasi, mwanamke aliyenizaa na mwanamke wa Muheza walikuwa watu wawili. Ilibidi twende kwa wakili, mama aape kwamba majina yale yote ni yake, hati ya kiapo igongwe mhuri. Wakati anaapa alinishika mkono. Baadaye aliniambia hakuwahi kuulizwa mbele ya mtu wa serikali kama mimi ni mtoto wake, na aliona ni swali kubwa.

Ninaowafahamu waliokwama hapo ni wengi. Wazee wetu walizaliwa mwaka wa njaa fulani au mvua fulani, wakaandikishwa kwa kukadiria. Tarehe ya kadi ya kura haikubaliani na ya kitambulisho, herufi moja imezidi hapa, jina la babu limeachwa kule. Wengine vidole vyao vimelika kwa mpini wa jembe hata mashine ya alama za vidole haizisomi. Hayo yote hurekebishika, ila huchukua wiki na nauli, na mgonjwa aliyelala hana wiki wala miguu. Ningekuwa na mzee leo ambaye hajaandikishwa popote, ningeanza na majina yake kabla sijauliza bei ya kadi yoyote.

Kadi ya mama ilipotoka, alichukua dawa ya mwezi mzima, vidonge vizima. Baada ya miezi mitatu presha ilishuka, na tabibu akapunguza dozi. Wembe sikuuona tena.

Ningependa niishie hapo.

Novemba ya mwaka uleule wa 2019 Mfuko ulitangaza vifurushi kwa watu wasio na ajira rasmi: Najali Afya, Wekeza Afya na Timiza Afya. Bei ilifuata umri. Kijana katika kifurushi cha chini alilipa shilingi 192,000 kwa mwaka, na mtu wa miaka 60 na kuendelea katika kifurushi cha juu alilipa 984,000. Nikamwonyesha mume wangu karatasi. Tulikaa tukapiga hesabu ya mama yake. Kwa kipato chetu hata kile cha chini kwa umri wake kilikuwa kikubwa, lakini tukigawana na ndugu watano kilikuwa kinawezekana kabisa. Tukasema, ana kadi ya kaya, ana afya, tuanze mwakani baada ya ada. Mwakani tukasema vilevile.

Mwaka 2021, msimu wa mvua, mama mkwe aliteleza akitoka kisimani, akavunjika nyonga. Kadi ya kaya ilifanya kazi yake yote kama ilivyoahidi. Zahanati iliandika rufaa, hospitali ya wilaya ikaandika nyingine, na Morogoro alipigwa picha, akalazwa, hatukudaiwa. Siku ya nne daktari akatuita, akatueleza kwa upole kwamba upasuaji anaouhitaji unafanywa na mabingwa Dar es Salaam. Kisha akasema jambo tulilokuwa tumelisema wenyewe kwa midomo yetu bila kulielewa: kadi ile inaishia hapa.

Wiki ile nilikimbilia vifurushi. Nilifika dirishani nikiwa na pesa taslimu mkononi, tulizochangishana usiku mmoja, nikieleza mama yuko kitandani na nyonga imevunjika. Yule dada wa dirishani alinisikiliza mpaka mwisho, akanieleza kwamba bima haiwezi kuanza leo kwa ugonjwa wa jana. Nilitoka nikilia, na nilimchukia kwa siku mbili. Baadaye nimekuja kuelewa. Mfuko wa bima ni chungu cha watu wengi, wanaochangia wakiwa wazima ili atibiwe anayeanguka. Watu wakija kuchangia tayari wakiwa juu ya machela, chungu kitakauka, na mama wa Muheza atarudi kwenye wembe. Ndiyo sababu mzee hulipa zaidi ya kijana, na ndiyo sababu bima za hiari huwa na muda wa kusubiri. Mlango haukufungwa siku ile. Ulikuwa wazi tangu Novemba 2019 na sisi tulipita mbele yake mara mbili.

Mume wangu aliuza jenereta na mashine yake ya kuchomelea. Ndugu walitoa walichokuwa nacho. Mama mkwe alipasuliwa, akapona, anatembea kwa mkongojo. Mume wangu alifanya kazi ya kibarua kwenye karakana ya mtu mwingine kwa mwaka na nusu mpaka aliponunua mashine nyingine. Hakuwahi kuniambia kwamba mstari wa nne ungekuwa wa mama yake haya yasingetokea. Mimi nimejiambia, mara nyingi. Kisha nakumbuka kopo, na sijui ningemtoa nani kwenye mstari ule.

Ninachojua ni kwamba siku ile Kilosa mama mkwe aliuliza swali sahihi kuliko sisi wasomi. Aliuliza inafika wapi. Sisi tulijibu kana kwamba tumeulizwa sifa za kadi. Hatukumwambia ng'ambo ya hapo kuna nini, na kwamba kwa mtu wa umri wake, mwenye magoti yale, anayechota maji kisima kile, ng'ambo ya hapo ndiko alikokuwa anaelekea. Tukichagua kwa ajili ya mzee huwa tunatazama ugonjwa alio nao. Wa mama yangu ulikuwa wazi, una daftari na tarehe. Wa mama mkwe ulikuwa bado haujaja, kwa hiyo tulimwita mzima.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayotaka kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima. Nilifurahi kweli, na bado nina matumaini nayo. Lakini sheria haiwezi kwenda jikoni kwa mzee na kushusha kopo. Hiyo imebaki kazi ya watoto.

Oktoba 2024 mwanangu wa kwanza alikwenda chuo kikuu. Chuoni wanafunzi waliandikishwa bima yao wenyewe kwa shilingi 50,400 kwa mwaka, nasi tukamlipia. Safari hii hatukungoja. Jioni ileile ya kumsindikiza stendi, mume wangu alitoa faili la vyeti, na mstari wa mtoto ukaandikwa jina la bibi yake. Hati ya kiapo ya majina ya mama mkwe ilikuwa tayari humo. Tuliiandaa mwaka 2022, akiwa bado anajifunza kutembea na mkongojo.

Kadi ilipotoka tulimpelekea wenyewe, pamoja na kapu la machungwa ambayo mama yangu alimtumia mkwewe kutoka Muheza. Aliishika kwa mikono miwili, akaigeuza nyuma, akatazama picha yake kwa muda. Kisha akauliza, "Na hii inaishia wapi?"

Nikakaa naye mkekani. Nikamwambia inapopokelewa, na kwamba inavuka Morogoro mpaka Dar es Salaam. Nikamwambia dawa zipi hatapewa na vitu gani bado tutanunua wenyewe. Nikamwambia kwamba nimezaliwa 1978, kwa hiyo nitastaafu 2038, na mstaafu hubaki kwenye Mfuko na mwenza wake, wazazi hawamo. Alihesabu miaka kwa vidole, taratibu, mpaka akarudia kidole gumba. Akasema inatosha. Kisha akachagua chungwa kubwa kapuni, akanipa nimmenyee.